Tezi Siyo Hiyo

Kaskazi hii ya Februari, Ngamiani watu wanalala madirisha wazi na bado wanajipepea. Mimi nimevaa sweta. Ni lile zito nililonunua mwaka nilipopanda Lushoto harusini, nikidhani sitalivaa tena mpaka nizikwe. Watoto wa mtaani wameshanipa jina. Baiskeli yangu nayo siku hizi naisukuma. Juzi mama mmoja mwenye beseni la samaki kichwani alinipita kwa miguu, akanisalimia vizuri, akaenda zake.

Nikapimwa damu. Daktari, binti wa rika la mjukuu wangu, akaisoma karatasi. "Babu, kipimo kimepanda sana. Tezi yako imelala."

Nikamwambia, mjukuu wangu, kitu kikipanda kimepanda, kulala kumetoka wapi? Akanieleza taratibu. Shingoni, chini ya koo, kuna tezi yenye umbo la kipepeo, haizidi sana gramu 20. Homoni yake ndiyo inayoamua mwili uunguze chakula kwa kasi gani, moyo upige vipi, joto liwe kiasi gani. Msimamizi wake ni tezi nyingine, pituitari, ndogo kama njegere, inaning'inia chini ya ubongo. Homoni ya shingoni ikitosha, msimamizi ananyamaza. Ikipungua, anapaza sauti. Kilichopanda kwenye karatasi yangu, kumbe, ni makelele ya msimamizi. Anayefokewa ndiye hasikii. Nikaelewa mara moja, maana nami nina nyumba na watoto.

Kosa langu nilipofika nyumbani nilimwambia bibie neno moja tu: tezi. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari. Mtu ana tezi juu ya figo, ana tezi za mate, kongosho nalo linatoa insulini yake, lakini mwanamume akishavuka hamsini, barazani tezi ni moja tu. Na hiyo wanayoisema hata haiuamuru mwili kitu. Yenyewe inasubiri amri za homoni za kiume.

"Pole sana, ndugu yangu," mzee mwenzangu akaninong'oneza, huku baraza zima likitega sikio. "Usiku unaamka mara ngapi?"

"Siamki. Taabu yangu mimi ni kuamka."

Wakatazamana. Wakaona naficha. Kesho yake akaniletea mfuko wa mbegu za maboga.

Bibie, alipokwisha kueleweshwa ni tezi ipi, akaja na tiba yake. Alisoma kwenye pakiti ya chumvi maneno "madini joto", akanitazama na sweta langu, akaona jibu limeandikwa waziwazi. Mchuzi wa siku hiyo ulikuwa bahari. Ni kweli tezi ya shingo hutengeneza homoni yake kwa madini hayo, na yakikosekana shingo huota rovu. Wala kukaa pwani si kinga: chumvi ya kuanika maji ya bahari huwa nayo kidogo mno, ndiyo maana huongezwa. Hata Pemba, hapo ng'ambo yetu, kwenye samaki wa kila aina, yaliwahi kuonekana yamepungua miilini mwa watu. Lakini langu si la chumvi. Askari wa mwili wangu wenyewe wameigeuka tezi na kuishambulia, maradhi ambayo Mjapani Hakaru Hashimoto aliyaeleza tangu mwaka 1912. Nikamwambia bibie hayo yote. Akasema basi nile tu, presha tutaipima baadaye.

Yote hayo nayastahimili. Nisilolistahimili ni kidonge. Ni homoni ileile, imetengenezwa kiwandani, nami nitakinywa kila siku ya maisha yangu, tumbo tupu, kwa maji matupu. Kisha ningoje nusu saa, na ikiwezekana saa nzima, kabla ya kutia chochote kinywani. Hata kahawa marufuku, inakizuia kidonge kisiingie vizuri mwilini. Basi tukitoka msikitini alfajiri, wenzangu wanashika vikombe na kashata, mimi nashika saa.

Jana nikiwa katika kungoja huko, mzee wa mbegu akaniuliza tena habari za usiku. Nikamgeuzia: na wewe, mwenzangu, unaamka mara ngapi? Akanyamaza. Akatazama huku na huku, akaanza kuhesabu kwa vidole. Alipoingia mkono wa pili nikamsogezea mfuko wake.