Daktari wa Ng'ombe Aliye Algeria

Ng'ombe wetu Dola akiingia joto, kijiji kizima hujua. Hulia tangu alfajiri, huparamia hata ua wa jirani, na mama watoto huanza kunitazama kana kwamba dawa ninayo mfukoni. Ukimwona asubuhi, apandishwe jioni ya siku hiyo hiyo. Ukizembea, ngoja wiki tatu nyingine.

Mara hii mpwa wangu alikuwa amekuja Nyamarambe likizo, naye ni mtu wa kompyuta. Nilipotaka kumpigia mtu wa AI (ile ya kupandisha ng'ombe kwa mrija, iliyotufikia zamani kuliko ya kompyuta), akanizuia.

"Mjomba, weka simu chini. Hii ni kazi ya sekunde."

Alikuwa na programu ya wataalamu wa mifugo. Unabonyeza, inasoma ulipo, inauliza hifadhidata ni nani walio karibu, inakupangia watano. Wa kwanza: kilomita 2.3. Tukashangilia, nikapiga.

"Mzee, uko upande gani wa mto?" sauti ikauliza.

Gucha ulikuwa umefura kwa mvua. Daktari aliyaona mabati yetu kutoka kwake, lakini kutufikia ilibidi azunguke hadi darajani, mtungi wa nitrojeni umefungwa nyuma ya pikipiki, tope likimfika magotini. "Mpaka nifike," akasema, "huyo ng'ombe atakuwa amesahau alichokuwa anataka."

Mpwa akaitetea programu. Kwanza huchora kisanduku kukuzunguka ili isiwapigie hesabu wataalamu wa Kenya nzima. Kisha hupima mstari wa moja kwa moja juu ya dunia yenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Akaongeza kwamba sisi wa karibu na ikweta tumebarikiwa: digrii moja ya longitudo hapa ni kama kilomita 111, sawa na ya latitudo, ilhali London imekonda hadi 69 hivi. Kwa hiyo zile 2.3 zilikuwa sahihi kabisa. Nilimwambia amweleze Dola.

Kilichonishangaza ni kwamba daktari wetu wa sokoni, ambaye hata watoto wa chekechea wanaijua pikipiki yake, hakuwa kwenye orodha. Tukamtafuta kwa jina. Yupo! Umbali: zaidi ya kilomita 5,000.

Mpwa alikuna kichwa, kisha akacheka hadi akakaa chini. Nyamarambe iko digrii moja kasoro kusini mwa ikweta, na 34 na ushee mashariki. Programu moja hutaka latitudo itangulie, nyingine longitudo, na aliyemsajili daktari alizigeuza. Ukizigeuza, unatua magharibi mwa Algeria. Mwenzake mmoja alikuwa amepoteza alama ya kutoa tu, basi akavuka ikweta bila kuinuka kitini na kuwekwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Wa tatu, ambaye nafasi zake ziliachwa wazi zikasomwa kuwa sifuri na sifuri, alikuwa anatibu mifugo katikati ya bahari, Ghuba ya Guinea. Huyo hatukumpigia.

Wakati sisi tunatalii Afrika, mama watoto alikuwa ameshatoka hadi stegi ya bodaboda. Kijana mmoja alimuuliza swali moja tu: "Mama, unataka aliye karibu au anayekuja?"

Yule wa Algeria alifika chai haijapoa. Akafungua mtungi, ukungu wa baridi ukamwagika, akachomoa mrija mwembamba wa mbegu kwa kibano na kuutumbukiza kwenye maji ya vuguvugu. Alituambia mbegu hiyo ni ya Kabete, kwenye kituo kilichoanzishwa 1946. Dola akatulia kama muumini kanisani.

"Daktari," nikamuuliza akinawa mikono, "huko Algeria mvua zimenyesha?"

Mpwa akamwonyesha simu. Aliitazama kwa muda mrefu. "Ndiyo maana," akasema. "Tangu wanisajili, hakuna aliyewahi kunipigia kupitia hiyo kitu."

Basi nyinyi mnaosajili watu kwenye hizo programu, tafadhali, kabla hamjaongeza mwingine, waonyesheni waliopo ramani na muwaulize kama ndipo wanapolala. Huku kwetu ongezeni na swali la mto. Daktari wetu yuko Nyamarambe sokoni, na namba yake ya simu mnayo tayari. Mrudisheni nyumbani.