Michembe na Maji ya Bati

Kharumwa ni makao makuu ya wilaya ya Nyang'hwale, iliyomegwa kutoka Geita mwaka 2012, lakini watoto wetu hawana pa kuchezea maji. Jua la Septemba likiwaka, Kulwa na Doto hunivuta khanga twende lamboni, na Shija aliyewafuata huwa ameshavua kaptula.

Lamboni nakataa. Mwenye kichocho akikojoa humo, mayai huanguliwa majini, vijidudu hukulia ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtoto kwa dakika chache. Hutoka zaidi mchana wa jua kali, saa zilezile mtoto anapotamani kuoga. Praziquantel hugawiwa shuleni, na Shija hajaanza shule. Madimbwi ya mialoni, wanakochenjulia dhahabu, ndiyo kabisa: yana zebaki. Maji ya kioski hulipiwa kwa ndoo. Sakafu moja ya zege yenye bomba na mfereji ingetutosha, na mji wa dhahabu unaiweza. Kwa sasa tuna mvua.

Ilikuja Jumamosi, mapema kuliko tulivyotazamia. Mama mkwe alikuwa ameanika michembe yake ya mwisho ya viazi vitamu kwenye mkeka uani. Matone yalipogonga bati, watoto walishatoka, na wa jirani wakapenya kwenye uzio wa minyaa. Maji ya mwanzo yalishuka mekundu kwa vumbi la paa. Yalipotakata, kila mmoja akagombea pale bati lilipopinda, yanapomwagika kwa nguvu. Shija akakaa ndani ya beseni. Kulwa akalisukuma, likateleza na mchirizi hadi katikati ya mkeka.

"Mama Kulwa, michembe!"

Tukainama kuokota, na watoto, wakidhani ni mchezo, wakatusaidia kuitawanya. Ndipo radi ikapiga. Mama mkwe akaachia mkeka palepale.

"Wote ndani! Wa kwetu na wa watu!"

Akawahesabu mlangoni, akarudia kuwahesabu. Michembe ikaendelea kuelea hadi kwenye migomba.

Michembe iliyoloa huvunda, haiwekeki. Tuliyoiokoa tukaichemsha yote jioni ile kwa karanga za kusaga, watoto wakala wakiwa ndani ya mashati ya baba yao yanayoburuta chini. Doto akauliza mvua nyingine itanyesha lini. Bibi yake akamjibu kwamba yoyote itakayonyesha, yeye na Kulwa ndio watakaoingiza mkeka kwanza.