Mhadhara wa Elimu ya Matawi

Mheshimiwa mgeni rasmi (hajafika, nakaimu mimi), wazazi, walezi, na ninyi mwaka wa kwanza mliopangwa tawini mkalia: futeni machozi. Anayesimama mbele yenu ni Mtaalamu Mwandamizi wa Elimu ya Matawi. Msiniulize nimesomea wapi. Nina stesheneri mkabala na geti la chuo, na hakuna barua ya kuomba uhamisho ambayo haijalala kifudifudi juu ya kioo cha mashine yangu.

Ugonjwa wenu naujua: Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mmeuota tangu Ukumbi wake wa Nkrumah ulipokuwa mgongoni mwa noti ya shilingi 500, kabla ya sarafu kutuletea nyati. Mnatamani kukalia vimbweta vya kule, kubebana kwenye vyumba vya kule, hata sapu mnaitaka ya kule, kana kwamba ya huku haiumi. Namjua kijana wa Mkwawa ambaye akiulizwa harusini anasoma wapi, hutamka “Chuo Kikuu cha Dar es Salaam” kwa sauti ya mshereheshaji, kisha Iringa anaimeza pamoja na pilau. Wala hasemi uongo. Tangu 2005 Mkwawa na Chang'ombe ni vyuo vishiriki, na shahada ni ya chuo kile kile.

Sasa pokeeni utafiti wangu. Mlimani wenyewe ulikuwa tawi! Oktoba 1961 kilifunguliwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London: kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi wasiofika ishirini, tena ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kampasi kuu ilikuwa ng'ambo ya bahari, na konda hakuwahi kuiita. Mwaka 1963 wakaunganishwa katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki: sheria Dar, uhandisi Nairobi, udaktari Makerere. Nauliza kitaalamu, hapo kuu ilikuwa ipi? Shusha mkono, kijana, hilo ni swali la balagha. Mlimani walipanda 1964. Halafu tarehe 1 Julai 1970, wanafunzi waliolala chuo kishiriki wakaamka chuo kikuu kamili, bila fomu, bila mhuri, bila kopi hata moja. Kwa stesheneri, ulikuwa msiba.

Mwataka ushahidi zaidi? Kitivo cha kilimo cha chuo hicho kule Morogoro kilitulia, 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine. Muhimbili ikawa chuo kishiriki 1991, na 2007 ikajitegemea. Ndipo nikagundua Kanuni, ambayo unyenyekevu unanizuia kuiita kwa jina langu: usihame tawi, tawi litahama lenyewe. Kasoro yake ni ndogo. Muhimbili ilingoja miaka 16, na bumu la miaka 16 Bodi ya Mikopo bado haijalifikiria.

Basi kwa wasio na subira, kuna njia ya makaratasi. Dirisha la uhamisho halisubiri mtu amalize kulia. Kozi uitakayo iwe na nafasi, na ufaulu wako wa kidato cha sita uifikie. Mapenzi kwa Mlimani si sifa ya kujiunga. Uendako wakukubali, utokako wakuachie. Na Bodi uitaarifu mapema, bumu lisije likatua Iringa wakati tumbo liko Dar. Nimewaona wa namna hiyo. Walikuja kuniomba kopi za mkopo.

Cheti cha kuzaliwa, matokeo, barua ya udahili: kila kimoja kopi tatu. Ofisi huomba mbili, lakini mimi ndiye mtaalamu. Anayetaka rangi aseme kabla sijabonyeza. Maswali yote ya kitaaluma yatapokelewa dukani hadi saa mbili usiku. Umeme ukikatika jenereta lipo, ila kopi itapanda bei.