Namna ya Kushinda Mbio za Farasi kwa Magadi, Wewe Uliye Nduta, Kibondo

Mpishi yeyote wa Kibondo anaijua kazi ya magadi: maharage sugu yanalainika na kuni zinabaki. Walaghai wa mbio za farasi nao wana hesabu yao. Farasi akitimua mbio, misuli yake hutoa asidi, naye huchoka. Akijazwa bikaboneti ya sodiamu, ndugu wa magadi, mapema, makali ya asidi hupungua na uchovu hukawia. Usikubali kuachwa nyuma. Fuata hatua hizi.

1. Pata farasi. Hapa pana kazi. Mapori ya Moyowosi yana mbung'o, na ugonjwa wa nagana hauchagui farasi wa bei mbaya. Mpelelezi Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili. Wote walikufa safari ikiwa bado changa. Alipofika Buha, machifu wakamtoza hongo ya vitambaa, mmoja baada ya mwingine, hadi akaamua kutoroka usiku. Kwa hiyo usiulize farasi wa kuazima Kasulu. Panda basi hadi Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong.

2. Chagua magadi. Yale mawe ya sokoni yaache sokoni. Yana kaboneti nyingi, ni makali, yatamchubua mnyama utumbo. Walaghai wenye uzoefu hutumia bikaboneti, ile ya kuumulia keki, wakaikoroga na maji na sukari, kisha wakaipitisha kwa mpira kutoka puani hadi tumboni. Mpira ukipotea njia ukaingia mapafuni, farasi atazama akiwa nchi kavu. Jipe moyo: gharama ya majani nayo itakuwa imekwisha.

3. Andaa utetezi. Sema: "Hii si dawa, mheshimiwa. Ni kitu cha jikoni, na hata damu ya farasi inacho." Ni kweli tupu. Damu yake hukaa kwenye pH ya karibu 7.4, na bikaboneti ni mmoja wa walinzi wakuu wa kiwango hicho. Kwa bahati mbaya, wapimaji walilijua hilo kabla yako. Hawatafuti kitu kigeni. Wanahesabu jumla ya kaboni dioksidi iliyomo kwenye plazima. Farasi aliyetulia huwa na milimoli 30 hivi kwa lita, na kikomo cha kimataifa ni 36. Wewe umejiandaa kueleza ni kitu gani, wao wanauliza ni kiasi gani.

4. Mkabili daktari wa mifugo. Atabana mshipa wa shingo kwa kidole gumba mpaka utune, atachoma sindano, na kichupa kitajaa damu. Hapo mwombe kwa upole akifungue kidogo, "tuone rangi tu." Kizibo kikiachia, gesi huvuja na hesabu hushuka. Atakutazama, atakigeuzageuza kichupa kikiwa kimefungwa vilevile, atakitia kwenye sanduku la barafu na kuandika namba ya farasi wako. Mpe pole na kazi, uondoke taratibu.

5. Ukifungiwa, kimbia mwenyewe. Rudi Nduta, milima ipo na haina kiingilio. Habari njema ni kwamba binadamu hakatazwi: bikaboneti haimo kwenye orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, na wapo wakimbiaji wa kimataifa wanaoitumia bila kificho. Hakuna kamati itakayokuita wala faini utakayolipa. Kesi husikilizwa na tumbo, na hukumu zake zinajulikana: gesi, kichefuchefu na kuhara. Rufaa hakuna. Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha, usiulize zawadi ya mshindi ni shilingi ngapi. Uliza choo kiko kilomita ya ngapi.