Naomba Maoni Yenu

Siku hizi mtu hawezi kusimulia alivyounguza chapati bila kukutungia mtihani mwishoni: “Na wewe je, umewahi kuunguza nini? Tuandikie.” Msomaji alifuata chapati, sasa kageuzwa shahidi. Wa kwanza kujibu huwa binamu yake mwandishi: “Nzuri sana, kaka.” Wa pili ni mganga wa kurudisha wapenzi, na namba yake ya simu.

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa enzi za Mazrui, hakumbembeleza mtu atoe maoni. Alitunga beti za kuwachoma watu wa Lamu, nao wakajibu kwa beti, vina na mizani vimekaa sawasawa. Nani angewauliza “mnaonaje”? Walikwisha kuchomwa; wangenyamaza vipi?

Ndugu yetu wa chapati hataki kumuudhi yeyote. Hata unga hautaji chapa, asije akamkwaza mwenye kinu. Kaandika kwa adabu mpaka hakuna pa kubishia, halafu analalamika kwamba Waswahili hawasomi. Ajaribu kuandika kwamba pilau ya Mombasa haifui dafu mbele ya ile ya Unguja, kisha atafute chaja.