Shangazi wa Muheza

Shangazi yangu wa Muheza ni mzima wa afya, analima mihogo yake, na hajui kwamba mwezi uliopita nilikaribia kumzika. Nilikuwa nimeshamchagulia siku: Jumatatu usiku. Nilikuwa nimeshamchagulia na ugonjwa, presha, kwa sababu presha haina maswali mengi. Mtu akisikia presha anatikisa kichwa, anasema "siku hizi bwana", yameisha. Huruma yangu siyo iliyomwokoa shangazi. Kilichomwokoa ni rambirambi.

Nirudi nyuma kidogo. Nina kazi. Ukiniuliza kama nina kazi nitakujibu ninayo, ila nitashusha sauti. Ni mkataba wa miezi mitatu, ukiisha unapewa mwingine wa miezi mitatu, kama vocha. Kazi yenyewe ni kuhamisha mafaili ya zamani kutoka kwenye makaratasi kwenda kwenye kompyuta, katika ofisi moja ya pale Posta, Dar, ambayo siitaji kwa sababu bado nakula kwao. Nalipwa shilingi 15,000 kwa kila siku niliyoonekana. Kuonekana maana yake ni daftari la mahudhurio pale mapokezi, ambapo ikifika saa mbili na dakika moja mzee wa mapokezi anapiga mstari mwekundu kwa rula, taratibu, kwa raha zake, na ukisaini chini ya hapo unakuwa mtu wa chini ya mstari kwa maana zote.

Kazi ya muda ina vituko. Unatakiwa uifanye kama utakayezeekea pale, huku kila mtu, kuanzia bosi hadi mama anayeleta chai, anakuuliza umefikia wapi kutafuta kazi. "Usibweteke hapa mwanangu," ananiambia bi mkubwa wa kitengo chetu, karibu kila wiki. "Tafuta kitu cha kudumu." Natafuta, mama. Lakini kitu cha kudumu kiko nyuma ya usaili, na usaili wangu wote mpaka leo umeangukia siku ya kazi, mara nyingi saa moja asubuhi, saa ambayo mzee wa mapokezi anaanza kutafuta rula yake.

Usaili wa karibu, wa hapahapa mjini, nilikuwa nauiba kwenye saa ya chakula. Shida yake ni mavazi. Nina suti moja, rangi ya bluu iliyoiva, mtumba wa Karume, inanikaa vizuri kwa sharti nisikae. Sasa mtu anayevaa fulana ya kola siku zote akitokea na suti Jumanne, ofisi nzima inajua. "Vipi, unaoa?" Kwa hiyo koti nililiacha kwa mpiga chapa wa chini, na tai nikaificha kwenye hotpoti. Sikukumbuka kwamba hotpoti ile ilikuwa na historia ndefu na dagaa. Nilikaa mbele ya jopo la watu watatu, nikajieleza vizuri sana, na wote watatu muda wote walikuwa wanatazamana wao kwa wao. Sikuitwa tena.

Halafu ukaja huu wa Dodoma. Ijumaa usiku, orodha ya majina imerushwa kwenye makundi yote ya simu niliyomo, hadi la kwaya. Nikaandika jina langu kwenye kisanduku cha kutafuta. Tuko wanne wenye jina hilo. Wa tatu ndiye mimi. Chini ya majina kuna masharti, na masharti haya nayajua kama sala: uje na vyeti halisi, cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, karatasi za matokeo hazitakubaliwa, uje na kitambulisho, na kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Hilo la mwisho nimelitimiza kila mara bila kukumbushwa.

Usaili Jumatano. Maana yake nisafiri Jumanne, nirudi Alhamisi. Siku tatu. Nikaanza kutafuta siku tatu mahali pa kuzitoa.

Kwanza nilikwenda kwenye sheria, maana nina shahada na lazima niitumie mahali fulani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni sheria ya kiungwana. Inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka. Inampa siku nne za kufiwa, na imewataja marehemu wake kwa mpangilio: mwenza, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu. Nilisoma orodha hiyo mara mbili. Shangazi hayumo. Aliyeiandika ama hakuwa na shangazi, au alikuwa naye wa aina ya wale wanaokuja kusalimia na begi kubwa. Bibi zangu wote wawili walishatangulia, Mungu awarehemu, enzi ambazo sina mkataba wowote. Na hata wangekuwepo, kuna kifungu kingine humohumo kinachosema mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hana likizo ya malipo. Mimi nilikuwa na miezi mitano. Kwa hesabu za kisheria, ukoo wangu ulitakiwa uvumilie mwezi mmoja.

Ugonjwa je? Ugonjwa unataka karatasi ya ED kutoka kwa daktari. Zamani, wazee wanasimulia, homa ilikuwa homa: unakohoa mlangoni kwa daktari, unaondoka na siku tatu. Siku hizi anakutoboa kidole, mnakaa robo saa mnaangalia kile kijiti, kijiti kinasema huna malaria, na daktari anakutazama kama mwizi. Kufuatilia kitambulisho cha taifa ni ruhusa ambayo sijaona bosi akiikataa, lakini nilikwisha kuitumia mara mbili, na mara ya pili bi mkubwa alisema nikikipata nimwonyeshe. Ninacho tangu niko chuo.

Ndipo nikamgeukia shangazi.

Nchi za wenzetu, nasikia, unaandika barua pepe kwamba umefiwa, wanakujibu pole, mnaonana wiki ijayo. Hapa kwetu huui mtu kirahisi hivyo. Ofisini kuna kundi la mambo ya kijamii. Msiba ukitangazwa saa mbili, saa nne mweka hazina ameshapandisha orodha ya rambirambi: jina, kiasi, alama ya tiki. Saa sita wanauliza mazishi wapi, saa ngapi, na barabara ikoje. Mwezi wangu wa pili pale, dereva mmoja alifiwa na baba mkwe Kilosa. Tulikwenda watu tisa ndani ya Noah na gunia la mchele, na mama mmoja wa uhasibu, ambaye marehemu hakuwahi kumwona hata kwenye picha, alilia kuliko wafiwa ikabidi wafiwa ndio wambembeleze.

Sasa nikaiona Noah hiyo inaingia Muheza. Akina mama wamejifunga kanga, mama wa uhasibu ameanza kulia tangu Segera, mweka hazina ana bahasha na daftari la kusaini. Na anayetoka kuwapokea, jembe begani, ni marehemu. Na atawakaribisha, namjua. Atawachinjia kuku. Watarudi Dar na mihogo kwenye buti.

Muheza ni karibu mno, hilo ndilo kosa. Ukoo wetu haukusambaa.

Basi Jumatatu asubuhi nikaamua kusema kweli. Mtu asinisifu, nilikuwa nimeishiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Nimeitwa kwenye usaili. Dodoma. Naomba siku tatu."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. Nilitegemea anifukuze au anikumbatie, kati ya hayo mawili.

"Nafasi ngapi?"

"Mbili."

"Mmeitwa wangapi?"

"Mia nane na kitu."

Akarudisha miwani. "Nenda mwanangu. Hulipwi lakini. Na mafaili hayakusubiri, nitatafuta deiwaka."

Deiwaka! Hilo ni neno la watu wa daladala: yule anayeshika usukani siku ambayo dereva mwenyewe yuko msibani au hajiwezi. Sikujua kwamba kiti changu nacho kina usukani. Mimi mwenyewe nimeshikizwa pale kwa uzi, leo naletewa mtu wa kunishikia.

Ile mia nane ilinisumbua usiku kucha, nikatafuta hesabu za kujifariji. Juni 2014, zaidi ya watu 10,000 walikaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Picha zake zilizunguka kila mahali, watu wamejaza majukwaa kama siku ya Simba na Yanga, tofauti ni kwamba wote walikuwa timu moja. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ikatangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Nikagawanya. Uwanjani ilikuwa zaidi ya watu 140 kwa nafasi moja. Mapato, kama 85. Nikagawanya na ya kwangu, ikaja 400. Nikazima simu, nikalala.

Treni ya umeme ilikwenda vizuri mno. Tangu ianze kufika Dodoma mwaka 2024 watu hawana tena kisingizio cha basi kuharibikia Gairo. Nilikuwa nimepanga kusoma njiani, na kabla sijamaliza Sheria ya Utumishi wa Umma tukaambiwa tujiandae kushuka. Behewa letu zima lilikuwa na bahasha za kaki mapajani. Midomo inatikisika, macho yamefumbwa, utadhani tunakwenda kuhiji. Kijana wa pembeni yangu alinitazama bahasha, nikamtazama yake, hatukusalimiana. Kati yetu mmoja alikuwa anazidi.

Gesti nilipata ya 20,000, yenye feni ambayo Dodoma ile ya upepo wa Julai haikuwa na haja nayo, na isiyo na maji ya moto ambayo haja ilikuwepo. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kwenye mstari. Kwenye mstari wa usaili utajifunza mengi: kuna dada alikuwa anaandika notisi za biashara ya vitenge huku akisubiri, kuna baba wa makamo aliyesema huu ni usaili wake wa kumi na tisa na akatupa ushauri wa viatu. Vaa raba mpaka getini, alisema. Mtihani uliotakiwa kuanza saa moja ulianza saa nne. Maswali ya kuchagua, arobaini. La kumi na mbili liliuliza mtumishi anayetaka kuondoka kwenye kituo chake cha kazi aombe ruhusa kwa nani. Hilo nililijibu kwa uchungu, kalamu ikatoboa karatasi.

Kwenye treni ya kurudi nikapiga mahesabu nyuma ya bahasha. Nauli 31,000 kwenda na 31,000 kurudi. Gesti usiku mara mbili, 40,000. Chakula 25,000, na nilikula kwa adabu. Bodaboda 8,000. Siku tatu zisizolipwa, 45,000. Jumla 180,000. Yaani siku 12 za kuandika mafaili ya watu waliostaafu ili nikaweke alama kwenye vidirisha arobaini. Mkataba wangu mmoja hautoshi usaili sita kama huo hata nikiacha kula, na kuacha kula nimeshajaribu.

Ijumaa niliingia kazini mapema, juu ya mstari. Kwenye kiti changu kuna kijana. Shati limenyooshwa, nywele zimechongwa, na pembeni mwake mafaili yamepangwa kwa rangi. Siku zote tano za wiki mimi huyapanga kwa kuyapanga tu.

"Ndiye deiwaka," alisema mama wa chai, kwa sauti ambayo sikuipenda. "Ana spidi huyu!"

Bi mkubwa akapita, akasema tukae wote wiki mbili hizi, kazi imekuwa nyingi, atakayebaki tutaona. Nikavuta kiti cha plastiki. Tukaandika kimya mpaka saa tano. Saa tano na nusu simu yangu ikalia: matokeo ya mchujo. Nikatafuta jina. Wa tatu kati ya wale wanne, sasa tumebaki wawili. Nimefaulu. Mahojiano ya ana kwa ana, Alhamisi ijayo, Dodoma, vyeti halisi, kila msailiwa atajigharamia.

Mtu akifaulu hufurahi. Mimi nilitazama mlango wa bi mkubwa, nikahesabu: siku tatu nyingine, ndani ya wiki mbili zile za kuona nani abaki.

Ndipo deiwaka akasogeza kiti chake karibu. Alikuwa na simu mkononi na uso umemwiva.

"Kaka," akanong'ona, "samahani. Alhamisi ijayo utaweza kunishikia?"

"Kuna nini Alhamisi?"

Akaangalia mlangoni kwanza. "Nimeitwa sehemu. Dodoma."

Tukatazamana kama wale wa kwenye treni. Nikafunga faili lililokuwa mbele yangu.

"Una shangazi?" nikamuuliza.

"Ninao watatu," akasema. "Mmoja yuko Kigoma."