Umeshuka Wanale? Sasa Jiandae Kuchuchumaa

Jumamosi ulipanda mlima wa Wanale. Ukapiga picha juu ya mwamba, mji wote wa Mbale umelala chini yako na Mto Nabuyonga ukiukata, kisha ukateremka mbio kwa sababu wenzako waliteremka mbio. Jumapili ukatamba kwamba huumwi popote. Mimi nakuandikia ya Jumatatu alfajiri, utakapofika kwenye choo cha shimo na mapaja yakagoma kuchuchumaa.

Kwanza, shika mlango. Mikono miwili, jishushe taratibu.

Kisha acha kuulaumu mpando. Ule ulikumaliza pumzi tu. Kilichokuumiza ni mteremko. Kila unapokanyaga kushuka, msuli wa mbele ya paja hukaza huku unavutwa, maana ndio breki yako, na nyuzi zake ndogo ndogo huchanika. Maumivu huja kwa kuchelewa na kushika kasi kati ya saa 24 na 72. Jirani atakuambia ni asidi iliyoganda miguuni. Mpe kiti, mkaribishe chai, ila usimwamini: hiyo huondoka saa moja hivi baada ya kupumzika.

Kwa hiyo mwili uko kwenye ukarabati, na fundi hafanyi kazi bila vifaa. Mpe matoke kwa wanga. Mpe malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlima uleule uliokutesa, yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga za kusaga hadi mchuzi uwe mzito. Malewa ni utamu. Protini iko kwenye karanga. Ongeza roleksi: mayai mawili ndani ya chapati yana gramu 12 hivi za protini. Kunywa maji. Mtungi wa pombe wenye mirija uache kwa siku hiyo, nakusihi, kwani pombe huharibu usingizi, na usingizi ndio zamu kubwa ya fundi.

Usilale kutwa nzima, lakini. Mwambie wa boda aende zake, utembee kwa miguu hadi sokoni, hata kama unakwenda kama bata. Wakimbiaji wa Kapchorwa, alikotoka Stephen Kiprotich aliyetwaa dhahabu ya marathoni London mwaka 2012, baada ya siku ngumu hukimbia polepole sana. Wewe tembea.

Maji baridi hutuliza kidogo. Chota ya bomba kwenye ndoo. Nabuyonga ikishapita mjini imebeba taka zetu, usiingize miguu. Anayekuchua akuchue kwa upole, maana kukuliza hakuponyi. Na usimeze vidonge vya maumivu kama pipi: mwili uliokaukiwa maji pamoja na dawa kama ibuprofeni huzielemea figo. Ukiona mkojo wa rangi ya chai ya rangi, hapo hakuna mchezo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Maumivu yakishapoa, rudi mlimani kabla ya wiki tatu kupita. Msuli ulioonja mteremko mara moja huumia kidogo mara ya pili, lakini ukikaa miezi unasahau. Safari hii shuka kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, wenye mbio waache wapite. Jumatatu yake mlango utaushika kwa mkono mmoja.